Gari Linapobiringita: Kwa Nini Dereva wa Sinema Hutoka Mzima?

Nilipokuwa Kinyangiri, wilayani Mkalama, nilitazama pamoja na wanafunzi wa sekondari sinema ya Kimarekani iitwayo Talladega Nights, iliyotolewa mwaka 2006. Ni kichekesho cha ovyo, wala sikusudii kukisifu. Dereva wa mashindano, Ricky Bobby, aliyeigizwa na Will Ferrell, anapinduka pamoja na mpinzani wake. Magari yanabiringita muda mrefu kupita kiasi, kisha wote wawili wanatoka wazima na kuyamaliza mashindano kwa miguu. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, kumbe gari likipinduka si hatari kama tunavyotishwa."

Sikuweza kumkatalia moja kwa moja, kwani kichekesho kile kina chembe ya ukweli.

Tuchukue abiria mwenye tungamo la kilo 60, ndani ya gari liendalo kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde. Momenta yake ni 60 × 20 = 1,200. Ili asimame, momenta hiyo yote haina budi kuondolewa, na kani ya wastani inayoiondoa hupatikana kwa kuigawanya momenta kwa muda. Gari likibiringita na kusimama baada ya sekunde 10, kani hiyo ni nyutoni 120 tu. Likigonga jabali (nayo Singida haina upungufu wa majabali!), abiria akasimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani ni nyutoni 12,000, sawa na uzito wa watu 20 kama yeye.

Lakini hesabu ya kwanza ina sharti: abiria apunguziwe mwendo pamoja na gari. Dereva wa mashindano amefungwa mikanda mabegani na kiunoni, amevaa kofia ngumu, na amezungukwa na fremu ya mabomba ya chuma isiyokubali paa kubonyea. Abiria asiyefunga mkanda huendelea na meta zake 20 kwa sekunde hadi akutane na paa, au ardhi, na hapo husimama ghafla kana kwamba amegonga jabali.

Tena sura ya gari hudanganya. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa ya magari ya kawaida ya dukani. Mashindano ya Kimarekani nayo yalianza hivyo. Magari ya mashindano ya leo bado yanafanana kwa nje na ya dukani. Ndani hayafanani kabisa.

Zoezi. Rudia hesabu ya jabali kwa mwendo wa kilometa 108 kwa saa. Kisha chukua makopo mawili yenye mifuniko na mayai mawili mabichi. Yai moja lizungushie pamba mpaka lisitikisike; la pili liache huru. Yabiringishe makopo kwenye mteremko mmoja, uyafungue, na uandike ulichokiona.