Saa ya Ini na Lugha ya Saa: Jeni, Umetaboli na Neno "Kutwa" katika Mazingira ya Nairobi

Utangulizi

Ini ni kiungo ambacho mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana nacho zaidi katika hisia kuliko katika baiolojia. Anayeumizwa kwa maneno makali husema amekatwa maini, na msikilizaji hahitaji ufafanuzi. Makala haya yanakichunguza kiungo hicho kwa upande mwingine. Katika miongo mitatu hivi iliyopita, imebainika kwamba ini lina saa yake lenyewe: saa iliyoundwa kwa jeni na protini, inayoamua ni wakati gani sukari iwekwe akiba, ni wakati gani itolewe, na ni wakati gani kolesteroli itengenezwe kwa wingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maarifa haya yanaelezeka kwa Kiswahili fasaha, tena kwa msamiati ambao wazungumzaji wanao tayari. Hata hivyo, neno moja linalotumika kila siku katika maelekezo ya dawa, yaani "kutwa", linakwenda kinyume na saa hiyo. Kasoro hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya tiba, na kwa sababu hiyo inawahusu wanaisimu moja kwa moja.

Asili ya dhana

Wazo la kwamba viumbe hufuata saa si geni. Androsthenes, aliyesafiri na majeshi ya Aleksanda Mkuu katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kuhusu mti wa kisiwa cha Tylos (Bahrain ya leo) ambao majani yake hufumba usiku na kufumbua mchana. Mti huo unasadikiwa kuwa mkwaju, mti ambao mkazi yeyote wa pwani anaweza kuuthibitisha mwenendo wake bila maabara. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka gizani mmea unaodhaniwa kuwa wa jamii ya kifaurongo, akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka na kufumba kwa majira yaleyale ingawa mmea haukuliona jua. Hapo swali likabadilika. Ikiwa jua halipo, nani anauhesabia mmea saa?

Jibu lilichelewa. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, wakichunguza inzi wa matunda huko California, walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja linaweza kurefusha, kufupisha au kuvuruga kabisa mzunguko wa siku wa inzi huyo. Mwaka 1984 jeni hiyo, iliyopewa jina la Period, ilitengwa na vikundi viwili vya watafiti nchini Marekani. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walioongoza kazi hiyo na kuiendeleza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Zamu ndani ya seli

Ufundi wenyewe wa saa hii unafahamika vyema zaidi kwa mfano wa zamu. Ndani ya kiini cha seli, protini mbili ziitwazo CLOCK na BMAL1 hushikana, zikakaa juu ya sehemu maalumu za DNA na kuziamsha jeni nyingi zifanye kazi. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa ni zile zinazotengeneza protini za PER na CRY. Hizi hujikusanya polepole nje ya kiini, na zinapofikia kiasi cha kutosha huingia ndani na kuwazuia waliozileta duniani: CLOCK na BMAL1 hunyamazishwa. Jeni zikinyamaza, PER na CRY mpya hazitengenezwi, zilizopo huchakaa na kuvunjwa, na mwishowe kizuizi huondoka. Zamu huanza upya. Mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Kwa binadamu, Charles Czeisler na wenzake walichapisha mwaka 1999 kipimo cha wastani wa saa 24 na dakika 11. Dakika hizo 11 si jambo dogo. Saa inayochelewa hivyo kila siku isiposahihishwa, itakuwa nyuma kwa zaidi ya saa nzima baada ya wiki moja.

Kinachoisahihisha saa kuu ya mwili ni mwanga. Saa hiyo iko ubongoni, juu ya mahali mishipa ya fahamu ya macho hukutana, nayo ina seli za neva takriban 20,000 tu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba saa ni hiyo moja na viungo vingine hutii tu. Mwaka 1998 watafiti wa Geneva walioongozwa na Ueli Schibler waliondoa dhana hiyo walipoonyesha kwamba hata seli za kawaida zinazooteshwa katika chombo cha maabara, mbali na ubongo wowote, zina mzunguko wa saa 24. Hapa Kiswahili kina jambo la kufundisha. Nomino "saa" haibadiliki katika wingi, kwa hiyo tofauti ya "saa ya mwili" na "saa za mwili" inabebwa na kiunganifu peke yake. Aghalabu vitabu hutumia umoja. Usahihi wa kisayansi unadai wingi.

Ini linafanya nini na saa yake

Umetaboli ni jumla ya kazi za kikemikali ambazo kwazo mwili huvunja chakula, huhifadhi nishati na kujijenga, na ini ndilo karakana yake kuu. Baada ya mlo, ini hupokea sukari na kuiweka akiba katika umbo la glaikojeni. Mtu akilala bila kula, ini huifungua akiba hiyo, na ikipungua hutengeneza sukari mpya kutokana na malighafi nyingine, ili ubongo usikose riziki hadi kuche. Ini hutengeneza nyongo na kolesteroli, na hupunguza makali ya sumu na dawa.

Kazi hizi haziwezi zote kufanywa kwa nguvu wakati mmoja. Kuweka sukari na kuitoa kwa pamoja ni kama kujaza mtungi unaovuja. Saa ndiyo inayozigawia zamu. Uchunguzi wa viungo 12 vya panya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ini ndilo lililokuwa na jeni nyingi zaidi zinazopanda na kushuka kwa mzunguko wa siku, zaidi ya 3,000. Umuhimu wa mpangilio huo ulidhihirika mwaka 2008, wakati watafiti wa Marekani walipoiondoa BMAL1 katika ini la panya pekee na kuiacha kwingineko. Panya hao walishukwa na sukari ya damu kupita kiasi, tena katika zile saa ambazo kwa kawaida panya hali. Ini lililopoteza saa lilikuwa limesahau kwamba mwenyewe hajala.

Kuitia saa majira

Je, saa ya ini inasahihishwa na nini, maana ini halioni jua? Jibu ni chakula. Mwaka 2000 kikundi cha Geneva kiliwalazimisha panya, ambao kwa desturi hula usiku, wale mchana tu. Baada ya siku kadhaa saa za ini zilikuwa zimegeuka juu chini, ilhali saa ya ubongo haikusogea. Mwaka uliofuata watafiti wengine nchini Marekani waliwatumia panya waliotiwa jeni ya kimulimuli, kiasi kwamba seli zao zilitoa mwanga kila saa ya jeni ilipofanya kazi. Ini la panya hao lilihamisha mzunguko wake kwa muda wa saa kumi ndani ya siku mbili tu. Kwa binadamu, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 lilichelewesha milo kwa muda wa saa tano. Mzunguko wa sukari ya damu nao ukachelewa kwa zaidi ya saa tano, lakini homoni zinazofuata saa ya ubongo hazikubadilika. (Ilibidi kuandika "muda wa saa tano", la sivyo msomaji angeweza kudhani inatajwa saa tano ya mchana. Utata huu utarejelewa.)

Wataalamu wa istilahi wanaotafuta jina la tendo hili la kusahihishwa kwa saa ya mwili hawana haja ya kutoka nje ya lugha. Wasemaji wa Kiswahili wamekuwa na "kuitia saa majira" tangu zama za saa za ukutani. Basi mwanga huitia majira saa ya ubongo, na chakula huitia majira saa ya ini. Istilahi hii ni bora kuliko neno lolote la kukopa, kwa sababu inabeba wazo zima: saa ipo na inatembea yenyewe, ila inahitaji kuwekwa sawa.

Nairobi: jua lilelile, milo tofauti

Nairobi iko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Jua huchomoza hapa kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 45 hivi alfajiri, mwaka mzima. London, mchana wa Juni huzidi saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8. Mfumo wa Kiswahili wa kuhesabu saa tangu macheo na machweo ni wa watu wanaoishi chini ya jua lisilohamahama, na kwa maana hiyo unakaribiana na saa ya ubongo kuliko mfumo unaoanza kuhesabu usiku wa manane, wakati ambapo hakuna lolote linalotukia angani. Mkazi wa Nairobi husoma 7:00 kwenye simu na kutamka "saa moja" bila kusita. Anabeba saa mbili kichwani na kuzipatanisha kila dakika.

Wapo wasioweza kuzipatanisha kwa wepisi huo, na hao ndio wanaolipa suala hili uzito. Jioni, walinzi hutoka Kangemi na Kawangware, wengi kwa miguu, kuelekea malango ya Lavington, Kileleshwa na Westlands. Zamu yao aghalabu huanza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi. Katikati ya jiji, malori ya mboga na viazi hushusha mizigo sokoni Marikiti kabla ya mapambazuko, na wachukuzi hufungua kinywa wakati wengine wako katika usingizi mzito. Mlinzi anayekula saa nane usiku na kutembea nyumbani katika jua la asubuhi anaziambia saa zake mambo mawili yanayopingana: mwanga unaiambia ya ubongo kwamba kumekucha, chakula kinaiambia ya ini kwamba usiku ndio mchana. Siku ya mapumziko, akila na familia yake, huigeuza tena. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga mzunguko huu miongoni mwa mambo ambayo pengine husababisha saratani, mwaka 2007, na likaithibitisha kauli hiyo kuhusu kazi za usiku mwaka 2019. Wanaozungumzia uchumi wa saa 24 hawana budi kuhesabu pia maini ya watu watakaoulinda.

Kutwa, kucha na masaa

Turejee kwenye bahasha ya vidonge. Huandikwa 1 x 3, na mgonjwa huelezwa "kutwa mara tatu". Anayetoa dawa anakusudia vidonge vitatu katika saa 24, vikiachana kwa vipindi sawa. Lugha haisemi hivyo. Kutwa hutokana na kuchwa kwa jua, na maana yake ya msingi ni muda wa tangu jua lichomoze hadi litue. Ndiyo maana husemwa "mchana kutwa" na "usiku kucha", na anayetaka kujumuisha vyote hulazimika kusema "kutwa kucha". Lau kutwa pekee ingetosha, kucha isingehitajika. Ni kweli wapo wanaolitumia neno hili kwa maana ya siku nzima, lakini maelekezo ya dawa si mahali pa kutegemea maana ya pili. Mgonjwa msikivu atameza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, kisha ini lake likae nusu ya siku bila dawa.

Mfano wa simvastatini ni mkali zaidi. Dawa hii huzuia ini kutengeneza kolesteroli, na kwa kuwa haidumu sana mwilini, wagonjwa hushauriwa waimeze jioni, kwa sababu utengenezaji huo hupamba moto usiku. "Kutwa mara moja" humwelekeza mgonjwa upande usiofaa: ataimeza na chai ya asubuhi.

Mbadala uliozoeleka, "kila baada ya saa nane", nao una mtego wake, kwa kuwa saa nane ni wakati maalumu, mchana na usiku. Walimu wa Kiswahili wamekuwa wakikipiga vita kiambishi katika "masaa" kwa miaka mingi, na kisarufi wana hoja. Lakini matumizi ya watu yamelipa umbo hilo kazi ambayo sarufi sanifu haijaipatia mtendaji mwingine: saa nane ni wakati, masaa manane ni muda. Penye hatari ya kumeza dawa vibaya, tofauti hiyo inastahili kutetewa kuliko kukosolewa. Wasioridhika na masaa wanaweza kutaja nyakati zenyewe: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku.

Kwa simvastatini, wengine hupendekeza "kabla ya kulala". Kwa mwalimu au karani, maelekezo hayo yanatosha. Kwa mlinzi wa Kileleshwa, kabla ya kulala ni saa mbili asubuhi, baada ya mlo ambao huenda ini lake limeuhesabu kuwa wa mwisho wa siku, au wa kwanza. Bahasha haiwezi kulijua hilo. Anayeijaza atalazimika kumuuliza mgonjwa kwanza anakula saa ngapi, na kuliandika jibu kwa saa za Kiswahili.