Namna ya Kuandika na Kuchagua Habari za Gazeti la Mahali

Walimu na wazee kadha wa kadha wametuuliza: Gazeti la mtaa mmoja litapata wapi habari za kulijaza kila mwezi? Twajibu: Habari si chache, ila wenye kuziandika ndio wachache. Basi, na tufundishane kazi hii.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1888 Msimulizi lilianza kupigwa chapa Kiungani, Unguja, nalo lilileta habari za mahali pengi. Baadaye Kiongozi likatoka katika shule ya Tanga, na mwaka 1910 likaanza Pwani na Bara. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichanganya habari za miji, mafunzo, barua na mashairi; Shaaban Robert naye alitoa tungo zake humo. Katika hayo yote twaona neno moja: gazeti la watu hujengwa kwa mikono mingi.

Kwanza, changanya. Chakula cha namna moja huchosha. Ziwepo habari za ndoa, misiba, mvua na mavuno. Liwepo funzo la shamba au la afya. Ziwepo barua, masimulizi ya wazee, hata kitendawili kwa watoto. Kila mwezi mwandishi ajiulize: Je, mjane ataona neno lake humu? Je, kijana? Je, mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani?

Pili, habari iwe kamili. Kusema, “Mvua ilinyesha sana,” hakutoshi. Sema ilinyesha siku gani, ikabomoa daraja lipi, ni nani wasioweza kufika sokoni, na watu wamepatana kukusanyika lini na majembe yao. Habari ya namna hii humsaidia msomaji kutenda.

Tatu, hakikisha. Hapa twaungama kosa letu wenyewe. Zamani tulipata barua iliyosema kwamba mtunza fedha wa chama cha wakulima amekula fedha za wenziwe. Mwenye kuiandika tulimjua, tena ukurasa wa kwanza ulikuwa na nafasi, tukaipiga chapa. Vitabu vya hesabu vilipokaguliwa, haikupungua hata senti moja; kosa lilikuwa katika kujumlisha tu. Mwezi uliofuata tuliandika sahihisho, maneno machache, nyuma kabisa. Lakini mtu yule alikuwa amekwisha kuacha kazi yake, na watoto wake walikuwa wamechekwa shuleni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku ile tumeshika kanuni mbili. Neno la kumshitaki mtu halipigwi chapa mpaka yeye mwenyewe ameulizwa, na jibu lake likawekwa pamoja nalo. Tena sahihisho hukaa mahali palepale lilipokaa kosa.

Nne, jua kukataa. Si kila lililo kweli lifaalo kuandikwa. Ugonjwa wa mtu na mambo ya nyumba yake ni mali yake. Usiyatoe pasipo ruhusa. Barua ndefu ifupishwe, lakini maana yake isigeuzwe. Na ile isiyofaa irudishwe kwa mwenyewe pamoja na neno la upole, ukimwonyesha kilichopunguka, ili mwezi ujao athubutu kuandika tena. Mwandishi aliyevunjwa moyo ni hasara ya mtaa mzima.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Katika mtaa wetu, ni watu gani ambao habari zao haziandikwi kamwe? Ni nani atakayekwenda kuwauliza?
2. Chagueni habari moja ya juma hili. Ni nani, nini, wapi, lini, nanyi mmeijuaje?
3. Kama habari hiyo ingekuwa yamhusu ndugu yako, ungependa iandikweje?

Kila kundi na liandike habari moja, liisome mbele ya wenziwe, kisha litume. Twazingoja.