Kibubu: kipe kazi kabla hujakipa pesa

Kwa fundi seremala wa mtaani, pembeni ya stuli na vibao vya chapati, utakuta vibubu vimepangwa: kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, juu kina tundu jembamba la kupitisha noti iliyokunjwa. Watu wengi hununua Januari. Ikifika Machi wengi wao wanachokonoa lile tundu kwa kisu. Kosa si la kibubu. Kilinunuliwa bila kupewa kazi.

Kabla hujadumbukiza hata sarafu moja, chukua kalamu ya wino mzito uandike ubavuni: sare na madaftari ya Januari. Au: kodi ya miezi sita. Chini yake andika kiasi unachokitaka na tarehe ya kuvunja. Pesa isiyo na jina huitika kila inapoitwa. Mkaa ukiisha, itaitika. Ukija mchango wa harusi, itaitika. Yenye jina ina aibu yake, maana si rahisi kuchukua sare ya mtoto ukanunulie vocha.

Kisha piga hesabu. Sarafu ya shilingi 500 kila siku ni shilingi 182,500 kwa mwaka. Ukiweka 1,000 utapata 365,000, na 2,000 itafika 730,000. Chagua kiwango utakachokimudu siku mbaya. Dereva wa bodaboda anayejipangia 5,000 kwa sababu jana alipata abiria wa mbali, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo atakosa zote mbili, na siku ya tatu atakuwa ameshakata tamaa.

Jirani yangu mama lishe ndiye aliyenifundisha saa ya kuweka. Jioni, akishaosha masufuria, hukaa mkekani na kumwaga mauzo ya siku kwenye sinia. Kwanza hutenga mtaji wa kesho, wa mchele, mafuta na mkaa, akaufunga kwenye pindo la kanga. Pili, deni la muuza maharage. Tatu, noti ya 1,000 inaingia kibubuni. Inayobaki ndiyo ya nyumbani. Hangoji kuona kama kuna kitakachosalia, kwa sababu anajua hakisalii. Mwenye mshahara naye afanye vivyo hivyo siku ileile mshahara unapoingia.

Angalia pia kwamba mtaji wake hauingii kibubuni kamwe. Ukifungia mtaji, kesho asubuhi utavunja. Na akiba kidogo ya dharura iweke kando, kwenye simu kwa mfano, ili homa ya mtoto usiku wa manane isiwe sababu ya kushika nyundo.

Siku hizi vinauzwa vibubu vyenye kufuli. Mimi nasimama na vya misumari. Ufunguo ukiwa ndani ya nyumba, "nakopa kidogo nitarudisha" haiko mbali.

Hatari zipo, tena za kweli: moto, mwizi, panya, mchwa. Usikiweke sakafuni wala usikiegemeze ukutani, kwa kuwa mchwa huingilia chini na wewe utajua siku ya kuvunja. Kiweke juu ya kabati, mbali na macho ya wageni, lakini mtu mmoja unayemwamini ajue kilipo.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Benki Kuu ya Tanzania iliondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Nchini Kenya, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kuwa fedha halali baada ya 30 Septemba 2019. Aliyekuwa nazo kibubuni asifungue kwa wakati alibaki na makaratasi. Kwa hiyo usikiache kipite mwaka bila kukifungua.

Tena kibubu hakizai. Bei ya saruji inapanda huku pesa yako imelala palepale. Kiasi kikishazidi kile ambacho ungeweza kuvumilia kukipoteza usiku mmoja, kipeleke benki, kwenye SACCOS au kwenye kikundi cha VICOBA unachokijua vizuri. Kazi ya kibubu ni kuuzoesha mkono wako kutoa kila siku.

Kama kuna kibubu ndani kwako na hukumbuki ulikianza lini wala kwa ajili ya nini, kivunje Jumamosi hii. Hesabu mbele ya watoto, kilichomo kipeleke mahali salama, kisha nunua kingine na ukiandike jina ukiwa palepale kwa fundi.