Kubadilisha gemu dukani: je, inakulipa?

Shule zikifungwa, diski za gemu zilizokwisha kuchosha hupelekwa dukani kubadilishwa na nyingine. Mzazi, kabla hujaongeza pesa juu, piga hesabu.

Tuseme duka linaithamini diski yako sh1,500, kisha linaiuza sh2,800. Huo si wizi. Mwenye duka analipa kodi, anaijaribu diski, na huenda ikakaa kwenye rafu miezi kadhaa. Lakini jirani akikupa sh2,200 taslimu, unapata sh700 zaidi, naye anaokoa sh600. Hizo sh700 ndizo gharama ya kurahisishiwa: dukani unaondoka na gemu nyingine papo hapo, bila kutafuta mnunuzi. Kwa diski moja labda si neno. Kwa tano ni sh3,500.

Gemu za kandanda hazingoji. Ile iliyojulikana kama FIFA, na tangu 2023 ikaitwa EA Sports FC, hutoka upya kila mwaka, kwa kawaida Septemba, na toleo la zamani hushuka bei. Likizo ya Agosti ndiyo wakati wa kuliondoa.

Gemu iliyopakuliwa kwa intaneti hakuna duka litakaloipokea, kwa sababu imefungwa kwenye akaunti yako. Anayenunua PlayStation isiyo na sehemu ya diski akumbuke hilo.

Uliza pia kama thamani unayopewa ni pesa taslimu au ni ya kununua vitu humo dukani tu, na hadi lini. Jibu liandikwe kwenye risiti.