Sitara ya Jirani: Kimo cha Ukuta na Haki ya Jicho

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ama baad. Somo letu hili ni katika haki za jirani, na hasa katika jambo moja linalozua ugomvi mwingi katika mitaa yetu ya Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko pwani, nalo ni kuta, madirisha na ghorofa. Mtu alikuwa na nyumba yake ya chini, mkewe na binti zake wakipika, wakifua na wakianika uani pasipo wasiwasi. Kisha jirani akainua ghorofa mbili au tatu, na madirisha akayaelekeza kule kule uani. Tangu siku hiyo ua ule si ua tena; mwanamke hatoki kumwaga maji ila amevaa buibui kama aendaye sokoni. Mwenye ghorofa akiambiwa, hujibu: "Kiwanja ni changu, ukuta ni wangu, na ruhusa ya kujenga ninayo. Asiyetaka kuonekana na ainue ukuta wake."

Je, jawabu hili ni sawa katika sharia? Hilo ndilo tutakalolieleza, inshallah.

ASILI YA JAMBO HILI

Katika Suratun-Nur, Aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwasalimu wenyewe. Aya ya 30 na ya 31 za sura hiyo hiyo zawaamrisha waumini, wanaume kwa wanawake, wainamishe macho yao. Na katika Suratul-Hujurat, Aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana.

Sasa na tuulize: idhini hii ya kuingia imewekwa kwa ajili gani? Bukhari na Muslim wamepokea kwa Sahl bin Saad ya kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na chanuo mkononi anajikunia kichwa. Akamwambia kuwa lau angalijua kwamba anachunguliwa, angalimchoma jicho kwa chanuo lile. Kisha akabainisha kuwa kutaka idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Yafahamike basi ya kuwa mlango haukuwekwa kuzuia miguu peke yake. Mwenye kutazama ndani ya nyumba ya mwenziwe bila ya idhini amekwisha ingia, ijapokuwa miguu yake iko kwake.

KISA CHA KHARIJA

Ibn Abdil-Hakam, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 257 wa Hijra (871 wa Miladi), ametaja katika tarehe yake ya kufunguliwa Misri kwamba mtu wa kwanza kujenga chumba cha juu huko alikuwa Kharija bin Hudhafa. Habari zikamfikia Sayyidna Umar (R.A.) naye yuko Madina. Akamwandikia liwali wake, Amr bin al-As. Katika riwaya moja alimwamrisha akivunje chumba kile, kwa kuwa Kharija ametaka kuchungulia sitara za jirani zake. Katika riwaya nyingine alimwamrisha atie kitanda ndani ya chumba, asimamishe juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi. Mtu huyo akiweza kuchungulia madirishani, basi na kivunjwe.

Ndugu msomaji, yazingatie haya. Sayyidna Umar hakuuliza kiwanja ni cha nani, kwani hapana aliyebisha kuwa ni cha Kharija. Wala hakuuliza kama Kharija ni mtu mwema au muovu, naye alikuwa katika Masahaba. Aliuliza jambo moja tu: jicho linafika, au halifiki? Tena hakuweka kipimo cha dhiraa wala cha pima, bali kipimo chake kilikuwa ni mtu aliyesimama. Ndiyo sababu haifai kuuliza ukuta wa ua uwe futi ngapi. Kwenye uwanda, baina ya nyumba mbili za chini, kimo cha mtu na ziada kidogo chatosha. Kando ya ghorofa, hata pima mbili hazifai kitu. Na hapo lajibiwa lile neno la "na ainue ukuta wake", kwani mwenye nyumba ya chini hawezi kuinua ukuta ukashindana na ghorofa, ila ajifungie gizani, akose upepo na jua la kuanikia nguo.

WANAVYUONI WAMESEMAJE

Katika madhehebu ya Imam Malik, kipimo hicho cha kitanda kimehifadhiwa katika Mudawwana ya Sahnun, aliyefariki mwaka 240 wa Hijra (854). Na Sahnun huyo huyo aliulizwa juu ya mnara wa msikiti ambao mwadhini akipanda huona ndani ya nyumba za watu. Akajibu kuwa watu wa nyumba zile wana haki ya kumzuia asipande. Ikiwa mwadhini, naye aita watu kwenye sala, amezuiliwa kwa ajili ya sitara ya nyumba, itakuwaje kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu aliyetoka kupunga upepo?

Katika madhehebu ya Imam Ahmad, Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 wa Hijra (1223), amesema kuwa ambaye sakafu yake iko juu ya sakafu ya jirani yake, ni juu yake kujenga sitara ya kumzuia asimwone mwenziwe. Yaani gharama ni ya aliye juu, si ya aliye chini.

Ama sisi, wengi wetu katika pwani hii ni Mashafii, na hatuna budi kusema kweli. Imam Nawawi katika Minhaj ameruhusu mtu kufungua madirisha katika ukuta wake mwenyewe, na Ibn Qudama amenakili kwamba kwa Imam Shafii aliye juu halazimishwi kujenga sitara. Hapo mwenye ghorofa atafurahi, aseme: "Mwaona? Madhehebu yangu yanipa haki."

Twamjibu hivi. Kadhi kutomlazimisha mtu ukuta ni jambo moja, na Mwenyezi Mungu kumhalalishia kutazama ni jambo jingine. Dirisha laweza kuwa halali, na jicho linalopita dirishani likawa haramu. Hapana mwanachuoni wa madhehebu yoyote aliyehalalisha kuchungulia wake wa watu.

MASHAFII WALIOTUTANGULIA WALIJENGAJE

Tena na tuzitazame nyumba walizotuachia wazee wetu. Mji wa Lamu ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu huja kutoka mbali kuutazama. Lakini wangapi kati yetu wanaosoma yaliyoandikwa katika kuta zake? Nyumba za kale za mawe kwa nje zina madirisha machache, na vyumba hupata hewa na mwanga kutoka kiwandani, ndani ya nyumba. Mgeni huketi dakani, nje ya mlango. Njia ya kuingilia ndani imepindishwa, hata mlango ukiwa wazi apitaye njiani haoni kiwanda. Na juu ya vichochoro wakajenga wikio, wanawake wakapata kwenda nyumba ya pili wasishuke njiani.

Waliojenga hivi hawakuwa Wamaliki wala Mahanbali. Walikuwa Mashafii kama sisi, na vitabu vyao viliwaruhusu kufungua madirisha. Waliacha kwa hiari kwa sababu ya adabu na haya. Wao walikuwa na haki wasiitumie kumdhuru jirani. Sisi tumeishika haki tukaiacha adabu.

HAKI YA MWENYE KUJENGA

Lakini uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Kujenga kwenda juu si dhambi. Watoto wameongezeka na viwanja ni finyu, na atakaye kuwaweka wanawe karibu naye hana pa kwenda ila juu. Watu hupenda kuitaja Hadithi ya kuwa usimwinulie jirani yako jengo ukamzuilia upepo ila kwa idhini yake. Yafaa ijulikane kuwa isnadi yake ni dhaifu, wala haifai kuitegemea kumharimishia mtu kujenga. Hadithi iliyo sahihi katika Bukhari na Muslim, aliyoipokea Abu Huraira, ni kuwa jirani asimzuie jirani yake kutia boriti katika ukuta wake. Basi anayepinga kila jengo la jirani kwa sababu ya husuda, au anayeinua ukuta mrefu makusudi ili ampotezee mwenziwe mwanga, naye ni mwenye kudhuru, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana dhara. Wala anayejenga karibu na dirisha lililokuwapo tangu zamani si sawa na aliyefunguliwa dirisha jipya juu ya ua wake. Wanavyuoni wa Kimaliki wametofautisha baina ya mambo haya mawili.

LA KUFANYA

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi mwendee jirani na ramani yako, umwonyeshe madirisha yatatazama wapi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi yataka ruhusa ya serikali ya kaunti, nayo ni lazima ifuatwe. Lakini ruhusa ya kaunti haiiondoi haki ya jirani mbele ya Mwenyezi Mungu.

Pili, dirisha linaloelekea ua wa mtu liinuliwe juu ya jicho, au litiwe kimia cha mbao kinachopitisha upepo na kuzuia macho. Tia kitanda usimame mwenyewe, ufanye jaribio la Sayyidna Umar.

Tatu, sakafu inayokaliwa au kuanikiwa nguo izungushiwe ukuta wa kimo cha mtu. Na apandaye fundi kutengeneza tangi la maji, na atangulize hodi.

Nne, kamera za ulinzi ni macho. Zielekezwe mlangoni kwako, si uani kwa mwenzio.

Tano, ikiwa jengo limekwisha simama, aliye juu na aanze yeye kuweka sitara kwa gharama yake, wala asingoje kushtakiwa. Naye aliye chini na aende kwa maneno laini, wakiwa na mzee wa mtaa baina yao, kabla ya kwenda mahakamani.

Ndugu zangu, watu wawili wanasimama safu moja alfajiri, bega kwa bega, na wakitoka hawasalimiani kwa sababu ya dirisha. Siku mmoja wao atakapokufa, jirani huyo ndiye atakayehitajika kwanza. Ubao wa kimia ni gharama ndogo kuliko hayo.

Mwenyezi Mungu atusitiri na atujaalie kuwa sitara kwa jirani zetu. Amin. Wallahu aalam.