Jua Halilali

Vijana tunaofundisha Utoto Mtakatifu hapa Daraja Mbili, mtoto akiuliza, "Usiku jua linaenda wapi?" tusimwambie limelala. Akija kugundua tulimdanganya hapo, na habari za Mungu atazitilia shaka.

Chukua chungwa, chomeka njiti katikati, weka alama ya kalamu: "Hapa Arusha." Zima taa, washa tochi, usiisogeze. Zungusha chungwa polepole kwenda mashariki, kama mtu anayetoka Monduli kwenda Moshi. Alama ikitazama tochi ni mchana. Ikiipa mgongo ni usiku. Dunia hujizungusha hivyo mara moja kila saa 24.

Mtoto anayeogopa giza mwonyeshe tochi: haijazimika, sisi ndio tuliogeuka. Na Mungu ndivyo alivyo.

Tusali: Bwana, hata gizani tukumbuke kwamba upo. Amina.