Baba akinywa uji anatoka jasho

*Baba yangu ana miaka 72. Mwezi uliopita alipasuliwa kwa ajili ya saratani, akaondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Tunampa uji wenye sukari ya kutosha apate nguvu, lakini akimaliza bakuli anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, kisha anaharisha. Nyama na mayai tumeacha, baba mdogo anasema vinalisha saratani. Anazidi kukonda, na Mama analia kila sahani ikirudi imejaa. Tufanyeje? – Binti, Moshi*

Mwanangu, poleni sana.

Sukari mnamwekea kwa mapenzi, lakini ndiyo inayomwangusha. Mfuko wa chakula hukihifadhi chakula na kukiachilia kidogo kidogo. Wa baba umebaki mdogo, hivyo uji mtamu unashuka utumbuni kwa mkupuo na kuvuta maji ya mwili. Ndiyo sababu ya hilo jasho na kuharisha. Acheni sukari, soda na juisi. Apewe chakula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, ale ameketi wima, bila haraka. Maji na chai anywe nusu saa kabla au baada ya kula.

Na kwa nini uji tu, nanyi mko Moshi? Mpikieni mtori, uleule anaopikiwa mzazi, ila mzito, nyama isagwe humohumo mpaka ilainike. Nusu kikombe cha mtori huo kina faida kuliko bakuli zima la supu ya mifupa, ambayo sehemu kubwa ni maji. Siku nyingine mpeni yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miiba, maharage yaliyopondwa, au parachichi. Uji mkiupika, uwe mzito, utieni karanga zilizosagwa. Maziwa ni lazima yachemshwe. Yakimsumbua tumbo, jaribuni mtindi.

Baba mdogo mheshimuni, lakini katika hili msimfuate. Saratani haifi kwa njaa. Mwili usipopata nyama na mayai, au maharage na samaki, unakula misuli yake wenyewe. Mzee akiishiwa misuli hata kusimama kutoka kitini kunamshinda, na dawa za saratani zinaweza kuahirishwa kwa sababu hana nguvu za kuzihimili.

Mama naye mwambieni taratibu kwamba baba hamkatai yeye. Ugonjwa wenyewe huua hamu ya kula, na kubembelezwa kwa machozi kunamfanya aiogope saa ya chakula. Mpakulieni kwenye kisahani, ale pamoja nanyi, akisema basi, iwe basi. Mtazameni na kinywa: vidonda, au meno ya bandia yaliyolegea kwa kukonda, vinaweza kumzuia na yeye akanyamaza.

Mpimeni uzito kila wiki kwa mzani uleule, muandike. Kliniki ombeni kumwona afisa lishe, na muulize juu ya vitamini B12 na madini ya chuma, maana baada ya upasuaji huo mwili hushindwa kuvipata vya kutosha; wengine huchomwa sindano za B12 maisha yote. Kama anatumia dawa za kisukari, daktari ajue kwamba sasa anakula kidogo.

Akitapika kila anachokula, akishindwa kumeza hata maji, akipata homa, au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.